Fizi na Baraka: Namna ya kufundisha mtoto kuelewa jambo ambalo halikuandikwa

Mtoto wa darasa la nne ya msingi anaweza kusoma ukurasa muzima bila kukosea neno. Lakini mwalimu akimuuliza « juu ya nini? », ananyamaza. Kusoma herufi anajua, kutoa hitimisho bado. Kutoa hitimisho ni kuunga alama zilizo ndani ya maandishi na mambo ambayo mtu tayari anajua, kisha kupata jibu ambalo halikuandikwa.

Mfano wa kandokando ya ziwa

Mwalimu anaandika kwenye ubao:

« Usiku, njia ilionekana bila taa. Asubuhi, Neema alifika kando ya ziwa na kitunga. Mitumbwi yote ilikuwa juu ya mchanga, wavuvi wanashona nyavu. Neema alirudi na kitunga kitupu. »

Hakuna mahali paliandikwa kama mwezi ulikuwa mkubwa, wala kama ndagala ilikosekana. Lakini mtoto wa Baraka anajua: ndagala inavuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiangaza sana wavuvi wanapumzika. Basi mwalimu anauliza: Unaona nini? Unajua nini? Unafikiri nini? Jibu likitoka, anaongeza swali la nne: « Neno gani limekuonyesha hivyo? »

Hilo la nne ndilo lenye kutenganisha hitimisho na kubahatisha. Mtoto akisema Neema alipoteza pesa, tusimucheke. Atafute neno la kumuunga mkono. Akilikosa, yeye mwenyewe atarekebisha.

Lugha na wingi wa watoto

Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa, na sheria ya elimu ya 2014 inaruhusu kufundisha kwa lugha hizo. Lakini mtihani wa taifa wa mwisho wa darasa la sita ni kwa Kifaransa, na watoto wengi wa Fizi nyumbani wanaongea Kibembe. Kwa hiyo zoezi lianze kwa mdomo, kwa Kibembe ao Kiswahili, ndipo Kifaransa kifuate. Mtoto aliyezoea kufikiri atabaki kutafuta maneno tu.

Tangu masomo ya msingi kuwa ya bure mwaka 2019, madarasa mengi yamejaa. Hata hivyo, andiko moja kwenye ubao linatosha: watoto wajadiliane wawili wawili, kisha wachache waeleze mbele ya wote.

Nyumbani pia

Mzazi asiyejua kusoma anaweza kusaidia. Vitendawili ni zoezi hilo hilo. Ao akatize hadithi katikati na kuuliza: « Unafikiri atafanya nini? Juu ya nini? »

Faida yake haiishi shuleni. Hapa kwetu, uvumi mumoja unaweza kuhamisha kijiji kizima usiku. Kuna siku kukimbia kunaokoa maisha, hilo tunalijua. Lakini mtu aliyefundishwa tangu utoto kuuliza « nani ameona, na alama ni gani? » hatapeleka mbele kila neno analosikia.