Viza ya Schengen kwa mpiga picha wa Kampala
Mpiga picha wa Kampala anayealikwa Ulaya huomba viza ya Schengen kwa nchi atakakokaa siku nyingi zaidi. Hupewa siku zisizozidi 90 katika kipindi cha siku 180. Ombi huwasilishwa mapema kabisa miezi 6, na si chini ya siku 15, kabla ya safari. Ada, ambayo tangu Juni 2024 ni yuro 90, hairejeshwi ombi likikataliwa.

Penye mtego ni kwenye ujira: kuhudhuria ufunguzi wa maonyesho ya picha zako ni jambo moja, kupiga picha za harusi kwa malipo ni jingine. Kazi huongozwa na sheria ya kila nchi, hivyo barua ya mwaliko ieleze waziwazi nani analipa, na kwa kazi gani. Betri za akiba hubebwa mkononi ndani ya ndege. Stakabadhi za kamera zisiachwe nyumbani, maana forodha yaweza kuziulizia Entebbe wakati wa kurejea.