Kabati la Babu

Samahanini wasomaji, nimekuwa kimya karibu mwezi mzima. Sikusafiri wala sikuugua. Nilikuwa napigana na kabati.

Chumba changu hapa Musoma ndicho ofisi, ndicho studio, ndicho cha kulala. Kina meza moja, kiti kimoja na kabati la mninga aliloliacha babu, ambalo milango yake haijawahi kufunga tangu nilifahamu. Rafu za juu ni mali yangu: madaftari ya mahojiano, chaja za simu zilizokwisha kufa, kanda za kaseti ambazo sina pa kuzichezea, na michoro ya enzi nilizotaka kuwa mchora katuni (hilo tuliache). Rafu za chini ni makabrasha ya babu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kijiji kimoja cha Bunda, upande wa ziwani. Siku niliyoinama kutafuta cheti changu cha kuzaliwa nikakuta mchwa wameshaanza na rafu ya chini kabisa.

Wiki hiyohiyo bibi mdogo, dada yake babu, akaja kutoka Bunda kwa matibabu. Alisimama mlangoni, akatazama, akasema, "Mura, mchwa wakimaliza karatasi watahamia kitandani. Choma."

Kuchoma au kuuza, maana tunajua karatasi za zamani huishia wapi. Nimewahi kununua karanga zilizofungwa kwenye mtihani wa jiografia wa mtoto wa watu. Alipata 31.

Kabla ya kiberiti nikamkumbuka Aniceti Kitereza. Ukiwa Bunda ukashika njia ya Kisorya unafika kwenye kivuko cha kwenda Ukerewe, na huko ndiko alikoishi. Mwaka 1945 alimaliza kuandika riwaya ndefu kwa Kikerewe, habari za Myombekere na mkewe Bugonoka waliotafuta mtoto. Haikupata mchapaji, kwa kuwa lugha yenyewe ina wasomaji wachache. Mswada ukakaa. Baadaye watafiti wawili kutoka Marekani, Gerald Hartwig na mkewe Charlotte, wakamhimiza, na mzee wa watu akaketi akaitafsiri yote mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House wakaitoa mwaka 1980. Kitereza akafariki mwaka 1981, kabla nakala hazijamfikia mkononi. Hesabu mwenyewe: miaka 35 ya panya, unyevu wa ziwa na mchwa wa aina hiihii ya kwangu. Siku yoyote ndani ya miaka hiyo angeweza kutokea ndugu mwenye nia njema akasema, choma.

Jumamosi nikakimbilia Butiama, kisingizio kikiwa kazi. Makumbusho ya Mwalimu yalifunguliwa mwaka 1999, miezi michache tu kabla hajafariki London tarehe 14 Oktoba. Wengi huenda kutazama zawadi alizopewa na wakuu wa nchi. Mimi siku hiyo nilikuwa nawaza karatasi. Mwalimu alitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare ikachapwa mwaka 1963, halafu mwaka 1969 akaitoa tena ikiwa imesahihishwa na kuitwa Juliasi Kaizari, mwaka uleule wa Mabepari wa Venisi. Hebu fikiria. Katikati hapo kuna maasi ya jeshi, Muungano na Azimio la Arusha, na mtu bado anarudi kwenye mistari yake ya zamani kuona wapi alikosea. Nilirudi Musoma nimeshaamua kutochoma kitu kabla ya kukisoma.

Nikatandika mkeka, nikagawa mafungu matatu: ya kutupa, ya kutunza, ya kumuuliza bibi. Fungu la kutupa lilikuwa dogo kwa aibu. La kumuuliza bibi ndilo lililonitoa jasho, kwa sababu ndani yake kulikuwa na rejista ya mahudhurio ya mwaka 1979.

Wadogo zangu mlioanza shule miaka ya 2000 huenda hamjui babu zetu waliingiaje darasani. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana hapahapa Musoma na kutoa Azimio la Musoma. Elimu ya msingi kwa kila mtoto, iliyokuwa imepangwa kufikiwa mwaka 1989, ikavutwa hadi mwaka 1977. Walimu wa kutosha hawakuwapo. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakawa wanafundisha huku wenyewe wakifundishwa vijijini. Mitaani watu wakaigeuza UPE kuwa "Ualimu Pasipo Elimu". Babu alikuwa mmoja wao, na utani huo hakuupenda hadi anaingia kaburini.

Rejista yake ina safu ya mwisho aliyoiongeza kwa rula: sababu. Anachunga. Mto umejaa. Dagaa. Amefiwa, nimekwenda. Kwenye mvulana mmoja ameandika mistari mitatu, baba yake alivyobishana naye hadi usiku. Halafu darasa la sita, jina la msichana, na neno moja tu: ameolewa. Jina ni la bibi mdogo.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilikuwa imeshafanya mahudhurio kuwa ya lazima. Babu alilijua hilo. Alikwenda kubishana kwa ajili ya mtoto wa jirani.

Sikujua nifanyeje. Mwisho nikampelekea rejista uani, alikokuwa anachambua mchicha. Akaniambia nisome majina, yote. Huyu alikufa, akasema. Huyu yuko Tarime, ana wajukuu. Huyu alikuwa mwizi wa miwa. Nikafika kwake, nikanyamaza.

"Kaandika nini?"

"Ameolewa."

"Basi?"

"Basi, bibi."

Akaendelea na mchicha. Baada ya muda akasema, "Ng'ombe wangu ndio waliomleta bibi yako. Angeandika nini?" Kisha akauliza kama hesabu za muhula ule zimo. Zimo. Alikuwa wa pili.

Asubuhi hakusema tena choma. Alisema niende nayo popote lakini majina nisiyatoe, ndiyo maana hamyaoni hapa. Rejista iko kwenye sanduku la bati pamoja na majani ya mwarobaini, na miguu ya kabati nimeipaka oili chafu. Michoro yangu ya katuni nimempa muuza karanga wa stendi.