Rundo la mashati na mama wa vifungo

Wadau, kuna jamaa kaniuliza: hivi hawa wanaosomea uhandisi wa viwanda wanatengeneza nini hasa? Wa umeme tunamjua, wa barabara tunamjua, huyu je? Swali zuri. Kwa kifupi, yeye hupanga namna watu, mashine, malighafi na muda vinavyokutana ili mali itoke. Kwa urefu nitaeleza kwa mashati, maana huko ndiko nilikojifunzia, tena kwa aibu.

Nilipomaliza kidato cha nne nilipata kibarua kwenye karakana moja ya kushona sare za shule. Kazi yangu ilikuwa daftari. Kila saa napita, nahesabu, naandika. Kukata, mashati 60 kwa saa. Kushona, 40. Matundu ya vifungo, 20, kwa sababu shati moja lilikuwa na matundu saba na mashine ya kazi hiyo ilikuwa moja tu. Kupiga pasi, 50. Sasa wewe uliyekaa hapo kafe, niambie: karakana nzima inatoa mashati mangapi kwa saa?

Ni 20, basi. Wataalamu hupaita mahali kama hapo shingo ya chupa: chupa iwe pana vipi, soda itatoka kwa upana wa shingo. Eliyahu Goldratt, mwanafizikia wa Israeli, alilieleza jambo hili kwenye riwaya yake The Goal ya mwaka 1984 (ndiyo, riwaya ya kiwandani, na inasomeka!). Saa moja ikipotea shingoni, kiwanda kizima kimeipoteza. Ukiiokoa kwingine, umeongeza rundo tu.

Bosi wetu yeye akanunua cherehani mbili zaidi za kushona. Kushona kukapanda hadi 55 kwa saa, na mlangoni yakaendelea kutoka yale yale 20. Mengine yakalundikana mbele ya mashine ya matundu hadi ikabidi tuyaruke tukienda chooni.

Na rundo lina hesabu yake. John Little, Mmarekani, aliithibitisha mwaka 1961: idadi ya vitu vilivyo ndani ni sawa na kasi ya kutoka mara muda ambao kila kimoja kinakaa. Mashati 300 yakiwa ndani na yanatoka 20 kwa saa, shati linaloingia sasa litatoka baada ya saa 15, yaani siku mbili za kazi kwetu. Yakiwa 900 ni saa 45, siku sita! Hakuna aliyelegea hata kidogo, ila mteja anaona mmemzungusha.

Ikaja oda ya mashati 3,000 kwa siku 12 za kazi, shule zinakaribia kufunguliwa. Hapo ndipo pa kukaa na kalamu kabla ya kusema ndiyo. Ni mashati 250 kwa siku. Tulianza saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Toa chai na chakula, zinabaki dakika 450. Gawanya, kila sekunde 108 lazima shati moja litoke. Mashine ya matundu ilihitaji sekunde 180. Yaani oda ilishashindikana siku ilipokubaliwa, na namba zote zilikuwa kwenye daftari langu. Sikuwa najua kuzisoma.

Bosi naye alizisoma vibaya. Siku ya tisa akaomba daftari, akaona 20 ndiyo namba ndogo kuliko zote, akamwita mama wa vifungo mvivu mbele ya watu na kumfukuza. Mama yule alikuwa hainui kichwa kutwa nzima. Mimi niliyeandika zile namba nilikaa kimya. Akaletwa kijana mgeni; saa yake ya kwanza nikaandika 13.

Ndiyo maana siwashangai wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha Watertown, Marekani, waliogoma mwaka 1911 walipoletewa mtindo wa Frederick Taylor wa kupima muda wa kazi kwa stopwatch. Kipimo kikishikwa na mtu anayetafuta wa kulaumu, hugeuka fimbo.

Henry Ford husifiwa kwa mstari wake wa kusogeza magari pale Highland Park mwaka 1913. Kuunganisha chasisi kulikochukua kama saa 12 na nusu kukashuka hadi saa 1 na dakika 33 mwaka uliofuata. Lakini siri kubwa ilikuwa kuigawa kazi hadi muda wa kila kituo ukaribiane na wa jirani yake. Sisi tuliachana mbali, 60 kwa 20.

Tungefanya nini? Mashine ya matundu isingesimama wakati wa chai wala chakula: wawili wakipokezana inafanya saa 9, mashati 180 badala ya 150, bila kununua kitu. Mashati mabovu yangekaguliwa kabla ya kuifikia, isipoteze dakika kwa shati litakalotupwa. Mkataji angepunguza mwendo. Hata hivyo siku 12 zingetoa 2,160. Yale 840 ilikuwa ni kuwapa mafundi wa nje wenye mashine kama hiyo, mashati 70 kwa siku, au kumwambia mteja ukweli mapema.

Wenye uzoefu wa viwandani, mnakopiga mzigo nyie shingo iko wapi? Mwageni hapo kwenye maoni.