JVW: klabu iliyojengwa na beki

Herufi tatu za JVW ni za mtu mmoja: Janine van Wyk, beki wa kati aliyekuwa nahodha wa Banyana Banyana, timu ya taifa ya wanawake ya Afrika Kusini, kwa miaka mingi. Alianzisha klabu hiyo mwaka 2013, upande wa mashariki wa Johannesburg, hajafika hata miaka thelathini na bado yuko uwanjani kila wiki. Wachezaji wengi husubiri wastaafu ndipo wafikirie akademia. Yeye hakusubiri, kwa sababu wasichana waliokuwa wakija nyuma yake hawakuwa na pa kwenda.

Alizaliwa Germiston mwaka 1987. Familia nyingi za Wazungu nchini humo hulea watoto wao kwenye raga na kriketi, na mpira wa miguu umekuwa mchezo wa vitongoji vya Waafrika. Van Wyk aliufuata huko huko, akavaa jezi ya Palace Super Falcons ya Tembisa. Hapo ndipo soka la wanawake la Gauteng lilipokuwa likiishi: kwenye viwanja vya vumbi, bila mishahara, na mara nyingine katika hatari ya wazi. Aprili 2008, Eudy Simelane, kiungo aliyewahi kuichezea Banyana Banyana na ambaye hakuficha kwamba anapenda wanawake wenzake, alibakwa na kuuawa KwaThema, mashariki mwa Johannesburg. Historia ya klabu yoyote ya wanawake ya eneo hilo haiwezi kuandikwa kwa haki bila kumtaja.

Jina la Van Wyk lilipaa Novemba 2012 huko Guinea ya Ikweta. Katika nusu fainali ya Kombe la Afrika alipiga mpira kutoka mbali sana, ukatinga wavuni, na Afrika Kusini ikaifunga Nigeria kwa mara ya kwanza, bao moja kwa bila. Mwaka uliofuata jina hilo likawa la klabu. Kwa maoni yangu huo ulikuwa uamuzi wa busara: hakuwa na tajiri wa kumshika mkono, ila jina alikuwa nalo, na jina hilo liliweza kufungua milango ya wadhamini na ya walimu wakuu wa shule. Akaanzisha na ligi ya wasichana wa shule, ili mtoto wa kike apate mechi za kweli badala ya kuwa msichana pekee katika timu ya wavulana.

Timu ya wakubwa ilianzia chini, katika Ligi ya Sasol ya mkoa wa Gauteng. Mwanzilishi mwenyewe alikwenda kuona mambo yanavyoendeshwa kwingine: Houston Dash ya Marekani mwaka 2017, kisha Fortuna Hjørring ya Denmark na Glasgow City ya Uskoti. Ligi ya taifa ya wanawake ilipoanza mwaka 2019 JVW haikuwamo. Ilipanda baadaye, ikakutana na Mamelodi Sundowns, timu yenye fedha za familia ya Motsepe, iliyoutwaa ubingwa wa klabu bingwa Afrika kwa wanawake mwaka 2021 na 2023.

Mtu akitazama Italia ataona njia nyingine kabisa. Juventus iliingia soka la wanawake mwaka 2017 na ikachukua ubingwa msimu wake wa kwanza. AC Milan ilichukua nafasi ya Brescia mwaka 2018. Machi 2019 watu 39,027 walijaa uwanja wa Juventus kutazama wanawake wakicheza na Fiorentina, na Julai 2022 ligi yao ikawa ya kulipwa rasmi. Refiloe Jane, mzaliwa wa Soweto, alisajiliwa Milan mwaka 2019. Hata kwetu Tanzania, Simba Queens na Yanga Princess zimepanda kwenye mabega ya klabu kubwa za wanaume. Johannesburg ina Kaizer Chiefs na Orlando Pirates, zenye mashabiki kila kona ya bara hili, lakini aliyebeba wanawake hadi ligi ya taifa ni beki mmoja na herufi za jina lake. Jambo hilo linamletea yeye heshima, na kwa klabu hizo mbili ni deni.

Fedha zilibaki kuwa kidonda. Julai 2023, siku chache kabla ya Kombe la Dunia, wachezaji wa Banyana Banyana waligoma kucheza na Botswana katika uwanja wa Tsakane, wakidai malipo na uwanja unaofaa. Chama cha soka kikakusanya timu ya dharura iliyokuwa na mtoto wa miaka 13, ikafungwa 5-0. Mpaka mfuko wa Motsepe ulipotoa randi milioni sita ndipo mgogoro ukatulia.

Agosti 2, mjini Wellington, wanawake hao hao waliifunga Italia 3-2 kwa bao la Thembi Kgatlana la dakika za nyongeza, wakaingia hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza. Langoni alisimama Kaylin Swart, kipa wa JVW. Waitaliano walikuwa na mwaka mzima wa soka la kulipwa. Swart alitoka klabu iliyozaliwa miaka kumi kabla, kwa nguvu za mchezaji mwenzake.

Van Wyk hakuwapo, alikuwa majeruhi. Alirudi Desemba kucheza mechi yake ya 185 ya kimataifa, nyingi kuliko za Mwafrika yeyote, mwanamume au mwanamke, akaaga. Timu ya taifa ilimpoteza nahodha wake wa miaka mingi. JVW ikabaki na mwenye klabu ambaye hana tena mechi za timu ya taifa za kufikiria.