Kolmanskop: Mji wa Almasi Uliogeuka Mahame

Makala haya yanachunguza jinsi mji wa Kolmanskop, katika jangwa la Namib, ulivyozuka kando ya reli na kuhamwa katika muda usiofika miaka hamsini. Swali letu ni moja: historia ya mji kama huu ianzie wapi?

Kwa kawaida husimuliwa kuanzia Aprili 1908. Zacharias Lewala, kibarua Mwafrika aliyepata kufanya kazi katika migodi ya Kimberley, alikuwa akizoa mchanga relini karibu na bandari ya Lüderitz alipookota jiwe na kulitambua. Akalipeleka kwa msimamizi wake, Mjerumani August Stauch. Stauch alitajirika; Lewala hakupata tuzo yoyote. Septemba mwaka huohuo serikali ya kikoloni iliwafungia eneo lile watu wote wasio na kibali.

Yafaa kukumbuka, hata hivyo, kwamba masimulizi hayo yameruka sura ya kwanza. Ujenzi wa reli ulianza mwishoni mwa mwaka 1905, wakati wa vita vya Wajerumani dhidi ya Waherero na Wanama, na mateka wa vita hivyo walilazimishwa kuitandika. Kati ya Januari 1906 na Juni 1907 walitumikishwa mateka 2,014. Kati yao 1,359 walikufa. Mchanga aliouzoa Lewala ulikuwa umefunika kazi ya wafu hao.

Mji ulistawi upesi. Ulikuwa na hospitali yenye mashine ya eksirei, kiwanda cha barafu na ukumbi wa starehe, ilhali maji ya kunywa yaliletwa kwa meli kutoka Cape Town. Vibarua Waovambo waliishi katika kambi zao, mbali na anasa hizo. Lakini kuanzia mwaka 1928 almasi kubwa zaidi zilichimbwa kusini, karibu na mto Orange, na watu wakaanza kuzifuata. Wakazi wa mwisho waliondoka mwaka 1956. Leo mchanga umejaa vyumbani, na watalii hulipa kiingilio ili kuutazama.

Jambo hili latuhusu sisi pia. Reli ilifika Lubumbashi mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na miji yetu mingi ya Katanga ilizaliwa na madini. Mwenye kuandika historia ya miji hiyo, kabla ya kuuliza ni nani aliyegundua jiwe, na aulize kwanza ni nani aliyetandika reli, na alizikwa wapi.