Picha Tano za Murang'a

Habari ya picha za Kanisa la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote, Murang'a, inaanzia Kampala. Mwaka 1937 Margaret Trowell alianza kufundisha uchoraji Makerere, darasa lenyewe likiwa nyumbani kwake. Alisimulia tukio, la kijijini au la Biblia, kisha kila mwanafunzi akalichora alivyoliona moyoni. Huko alisoma Sam Ntiro wa Machame, na baada yake Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, 1932.

Katika miaka ya 1950 Murang'a ya Kenya, ambayo wakoloni waliiita Fort Hall, ilikuwa chini ya Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Wakristo kadhaa Wakikuyu walikataa kula kiapo cha Mau Mau, wapiganaji wa msituni waliopinga ukoloni, wakauawa. Waanglikana wakaamua kuwajengea kanisa la ukumbusho, na mwaka 1955 Geoffrey Fisher, Askofu Mkuu wa Canterbury, akaweka jiwe la msingi.

Kazi ya kuta alikabidhiwa Njau. Kufikia 1959 picha tano zilikuwa tayari: Kuzaliwa, Ubatizo, Karamu ya Mwisho, Gethsemane na Kusulubiwa. Tangu misheni za mwanzo, waumini wa nchi hizi walizoea watakatifu weupe waliokuja na meli. Hapa Yesu ni Mwafrika, na mabonde yaliyo nyuma yake ni yale yale anayoyapita muumini akienda kanisani.

Uamuzi huo ulikuwa na uzito wake. Vita viligawa nyumba: ndugu mmoja msituni, mwingine upande wa serikali. Mchoraji angeweza kuwachora waliouawa na wauaji wao, na kanisa lingebaki la upande mmoja daima. Njau alichora asiye na hatia akifa mikononi mwa watu wa kwao, katika nchi ambayo pande zote mbili ziliilima. Hapo mjane wa huku na mama wa kule waliweza kupiga magoti pamoja.

Mwaka 1965 Njau na wenzake walianzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa, Nairobi, naye akishikilia kwamba kuiga kunamlaza Mungu usingizi. Moto uliiunguza nyumba hiyo mwaka 1997, na sanaa nyingi ikapotea. Kanisa la Murang'a, kwa upande wake, lilikuja kuwa kanisa kuu la dayosisi.