Mwalimu na Msafara wa Ugenini

Safari ya ng'ambo humfunza mwanafunzi mengi yasiyomo vitabuni, lakini humtaka kiongozi aliyefunzwa kuongoza. Haya twayaona katika mkasa wa tarehe 17 Aprili 1936. Siku hiyo mwalimu kijana aliondoka Freiburg, Ujerumani, pamoja na wanafunzi wake 27 wa London, wauvuke kwa miguu mlima Schauinsland wenye kimo cha mita 1,284. Theluji ilikuwa ikianguka. Wenyeji walimwonya, naye akaendelea mbele. Kulipokuchwa, wavulana walikuwa wamechoka, na baadhi yao wameanguka kwa baridi. Mlio wa kengele ya kanisa la Hofsgrund ndio uliowaelekeza kijijini, na wanakijiji wakatoka usiku ule kuwatafuta waliosalia mlimani. Watano walikufa.

Hatusemi kwamba safari zikomeshwe. Twasema kwamba ujuzi wa darasani hautoshi mlimani. Kabla ya kukabidhiwa watoto wa watu katika nchi ya kigeni, mwalimu hana budi kufunzwa kuichunguza njia, kuitambua hali ya hewa, kumsikiliza mwenyeji na, lililo gumu kuliko yote, kugeuka nyuma mbele ya macho ya wanafunzi wake. Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Kwa mwenye dhamana ya watoto, kurudi pia si aibu.